Kutoka Kidimbwi cha Bustani Hadi Ziwa Victoria: Historia ya Gugu Maji na Funzo kwa Mfugaji wa Samaki

Wiki hizi mbili nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti: "Mtaalamu, nitapata wapi mimea ya kuelea ya kuweka kwenye bwawa langu?" Wa kwanza anafuga sato. Wa pili ana kidimbwi cha samaki wa mapambo mbele ya duka lake. Wa tatu hana samaki hata mmoja, ila ameona watu wanaulizia mimea hiyo na anataka kuanza kuiuza gulioni.

Nitawajibu wote watatu mwishoni mwa makala hii. Lakini naomba tupitie kwanza historia, kwa sababu swali hili limewahi kujibiwa vibaya mara nyingi duniani, na mara moja nililijibu vibaya mimi mwenyewe. Nianze na hilo.

Kosa langu

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa kata moja iliyo mbali kidogo na ziwa, huku huku Kanda ya Ziwa. Kulikuwa na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, na uani alikuwa amejengea kidimbwi cha saruji cha samaki wale wekundu wa mapambo ambao Wachina waliwazalisha kwenye madimbwi yao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Akaniita. "Mwanangu, njoo uone, maji ya samaki wangu yamekuwa kijani kama mlenda."

Tatizo nililiona mara moja. Kidimbwi kilikuwa juani kutwa nzima, na samaki walikuwa wakilishwa kupita kiasi. Mwanga mwingi ukikutana na mbolea ya kinyesi na mabaki ya chakula, mwani hauna sababu ya kutoota. Nikamwambia apunguze chakula, na atafute mmea unaoelea wa kufunika nusu ya maji ili kuleta kivuli. Ushauri huo kama ulivyo kwenye kitabu si mbaya. Ila sikusema ni mmea gani, na sikumwambia afanye nini ukizidi. Nikapanda pikipiki nikaondoka.

Mama yule alikuwa na safari ya kwenda mwaloni kununua samaki. Akarudi na miche mitatu ya gugu maji kwenye ndoo, yenye maua mazuri ya zambarau. Maji yakatakata kweli, akafurahi. Mvua za masika zilipokwisha, kidimbwi kilikuwa kimefunikwa chote, akawa anaopoa ziada kila Jumamosi na kuitupa kwenye mtaro nyuma ya nyumba. Mtaro ule unaingia korongoni, na korongo linaingia kwenye lambo ambalo kijiji kizima kinanyweshea mifugo na akina mama wanachota maji ya kufulia.

Niliporudi baada ya msimu wa pili, nusu ya lambo ilikuwa kijani. Nilipomuuliza mama yule, akanitazama kwa mshangao: "Mwanangu, si ulisema mmea unaoelea? Mimi nimeweka unaoelea." Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nikaanza kusoma historia ya mmea huu, na nilichogundua ni kwamba sisi wawili tulirudia, hatua kwa hatua, jambo lililofanywa na watu wengine wengi kabla yetu.

Mmea wenyewe ulivyo

Kitaalamu gugu maji limejulikana kwa muda mrefu kwa jina la Eichhornia crassipes. Asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Mjerumani Carl von Martius, mtaalamu wa mimea aliyesafiri Brazili kati ya mwaka 1817 na 1820, ndiye aliyeliandika kitaalamu aliporudi Ulaya.

Ukilitazama bila hasira, utaelewa kwa nini watu walilipenda. Vikonyo vya majani vimevimba kama vibofu vyenye sponji na hewa ndani, ndiyo maana linaelea lenyewe bila kupandwa. Mizizi yake ni myeusi na ina manyoya mengi, inaning'inia ndani ya maji na kunyonya mbolea iliyomo, hivyo maji yanasafika. Samaki wa mapambo hutaga mayai kwenye mizizi hiyo, na vifaranga hujificha humo wasiliwe na wakubwa. Juu kuna ua la zambarau hafifu lenye doa la njano kwenye petali moja. Kwa mwenye kidimbwi bustanini, mmea mmoja unampa kivuli, chujio, kitalu cha vifaranga na pambo kwa wakati mmoja.

Shida iko kwenye kuzaa kwake. Kila mche unatoa vikonyo vya kutambaa, na kila kikonyo kinaishia na mche mpya. Kwenye maji ya joto yenye mbolea nyingi, idadi yake inaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Piga hesabu mwenyewe: miche 3 ikiongezeka maradufu kila baada ya wiki mbili, baada ya miezi mitano una miche zaidi ya 3,000. Pia linatoa mbegu, na mbegu hizo huzama kwenye tope na kukaa hai miaka mingi zikisubiri.

Kule kwao Amazon halikuwa tatizo kubwa hivyo. Maji ya mito hupanda na kushuka sana na kuliacha nchi kavu, na wapo wadudu waliozoea kulila. Watu walipolibeba kwenda nchi nyingine, walibeba mmea peke yake na kuwaacha maadui zake nyuma.

Florida: ziada iliyotupwa mtoni

Habari za Marekani ndizo zilizoandikwa vizuri zaidi. Katika miaka ya 1880 gugu maji lilikuwa tayari ua la madimbwi ya bustani kule kusini. Inasimuliwa mara nyingi kwamba liligawiwa kama zawadi kwa wageni wa maonyesho makubwa ya pamba yaliyofanyika New Orleans mwaka 1884.

Kilichofuata kwenye mto St. Johns, jimbo la Florida, kiliandikwa mwaka 1897 na Herbert Webber wa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo. Webber alieleza kwamba karibu mwaka 1890 mwenye bustani mmoja jirani na mji wa Palatka alikuwa na gugu maji kwenye kidimbwi chake. Lilipozidi, akaitupa ziada mtoni. Likastawi, likatoa maua, na watu wakalisifu kwa kupendeza kwake. Wengine wakachukua na kupeleka sehemu nyingine za mto. Hata wafugaji wa ng'ombe wakalisambaza, wakidhani wamepata malisho ya bure.

Haikupita hata miaka kumi, meli za mvuke zikawa zinakwama, na magogo yaliyokuwa yakisafirishwa kwa kuelea yakawa hayapiti. Mwaka 1899 Bunge la Marekani likalazimika kupitisha sheria ya kuliruhusu jeshi la wahandisi kuliondoa kwenye mito ya Florida na Louisiana. Tazama umbali huo: kutoka karai moja la ziada hadi sheria ya Bunge, miaka kumi hivi.

Wakajaribu mambo mengi. Walilisaga kwa mashine zilizofungwa kwenye boti, likarudi. Wakalinyunyizia sumu ya arseniki. Ng'ombe wakala majani yenye sumu wakafa, na mwaka 1905 sheria ikazuia kutumia huko Florida kemikali zinazodhuru ng'ombe.

Mwaka 1910 mbunge mmoja wa Louisiana, Robert Broussard, akapeleka bungeni pendekezo la kununua viboko kutoka Afrika na kuwaachia kwenye mabwawa ya jimbo lake. Hoja yake ilikuwa kwamba kiboko atakula gugu maji, na wananchi watakula nyama ya kiboko. Msomaji wangu wa kando ya ziwa anayejua kiboko anavyoingia kwenye mpunga usiku atacheka. Lakini tusicheke sana. Hali ilikuwa imewafikisha mahali ambapo wazo la namna hiyo lilijadiliwa na watu wazima wenye akili zao. Pendekezo halikupita, na gugu likabaki.

Bustani nyingine, mito mingine

Wakati Florida ikihangaika, sehemu nyingine za dunia zilikuwa bado zinalikaribisha. Mwaka 1894 lilipelekwa kwenye bustani kubwa ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, ambayo leo iko Indonesia. Bustani hiyo ilikuwa ya kitaalamu kabisa, lakini na huko pia halikubaki ndani ya uzio. Likatoka na kuingia mitoni.

Kule Bengali, eneo ambalo leo ni Bangladesh na sehemu ya India, liliingia kwenye mifereji na mashamba ya mpunga na juti kiasi kwamba wakulima hawakuweza kupitisha mitumbwi yao wala kuokoa mavuno. Mwaka 1936 ikatungwa sheria maalumu ya gugu maji iliyomtaka kila mwenye eneo aliondoe kwenye maji yake. Katika uchaguzi wa mwaka uliofuata, wanasiasa walikuwa wakiomba kura kwa kuahidi kulimaliza.

Afrika nayo ilipokea zawadi hiyo mapema. Misri ilikuwa nalo kabla ya karne ya 19 kwisha, na Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Kote huko lilisafiri kama ua. Mwaka 1952 likaonekana kwenye mto Kongo, na mwaka 1958 kwenye mto Nile Mweupe nchini Sudan. Hapa kwetu, wakati nchi ikiitwa Tanganyika, lilionekana katika miaka hiyo ya 1950 kwenye mto Sigi na mto Pangani, mkoani Tanga.

Kwa hiyo anayesema gugu maji ni jambo la Ziwa Victoria tu, hajaangalia ramani vizuri. Ziwa lilikuwa miongoni mwa wa mwisho kufikiwa.

Lilivyoingia Ziwa Victoria

Mto Kagera unakusanya maji ya Rwanda, Burundi, kaskazini magharibi mwa Tanzania na sehemu ya Uganda, kisha unayamwaga ziwani. Watafiti wengi wanaamini kwamba gugu maji lililetwa Rwanda wakati wa utawala wa Wabelgiji ili kupamba madimbwi ya makazi yao, na kwamba kutoka huko liliteremka taratibu kwa mto hadi ziwani. Kama ni hivyo, tena tumerudi pale pale: kidimbwi cha bustani, mtaro, mto.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeonekana Ziwa Kyoga nchini Uganda na kwenye Ziwa Victoria lenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi zote tatu zilikuwa nalo. Ziwa lilikuwa limeliandalia chakula. Udongo na mbolea kutoka mashambani, kinyesi cha mifugo, majitaka ya miji inayokua, vyote vilikuwa vinaingia ziwani kila mvua ikinyesha. Mmea uliotoka kwenye kidimbwi chenye mbolea ukakuta kidimbwi kikubwa chenye mbolea.

Kilele chake kilikuwa mwaka 1998, ambapo makadirio ya ziwa zima yalifika karibu hekta 20,000, yaani kama ekari 50,000. Ghuba ya Winam upande wa Kenya ndiyo iliyoumia zaidi. Uganda walihangaika na bandari zao na mitambo ya umeme ya Owen Falls kule Jinja, ambapo gugu lilikuwa likiziba njia za maji.

Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na baba yangu alikuwa mvuvi kando ya Ghuba ya Mwanza. Sikujua habari za hekta. Nilichojua ni kwamba kuna asubuhi tulikuwa tunaamka na kukuta ziwa halipo. Upepo wa usiku ulikuwa umelisukuma gugu lote mwaloni kwetu, na mahali pa maji palikuwa na kitu kama shamba la viazi kinachopumua. Baba na wenzake walikuwa wakikata njia kwa mapanga ili watoe mtumbwi, na wakirudi jioni njia imeshajifunga. Nyavu zilizotegwa usiku zilisombwa pamoja na gugu, hazikuonekana tena. Mwaka ule baba alipoteza nyavu mara mbili, na kaka yangu mkubwa akasimama shule kwa sababu ada ilikuwa ndani ya nyavu zile.

Wanunuzi wa samaki nao waliacha kufika mwalo wetu kwa sababu hawakuwa na uhakika wa mzigo. Mama aliyekuwa akikaanga samaki na kuuza barabarani akageukia maandazi. Chini ya gugu kulikuwa na konokono wa kichocho na nyoka, na sisi watoto tulikatazwa kuogelea. Ndiyo maana nasema kosa langu la lambo liliniuma mara mbili. Nilikuwa nimeshaliona gugu hili nikiwa mtoto, na bado nikatoa ushauri bila kulitaja.

Mdudu aliyefuata nyuma

Nilisema watu walibeba mmea wakawaacha maadui zake. Wataalamu wa Marekani walirudi Amerika ya Kusini kuwatafuta, na kule Argentina wakawapata fukusi wadogo wa aina mbili wa jamii ya Neochetina. Waliwajaribu kwanza kwenye mimea mingi mingine kuhakikisha hawashambulii mazao, ndipo aina ya kwanza ikaachiwa Florida mwaka 1972 na ya pili mwaka 1974.

Fukusi huyu ni ndugu wa mbali wa fukusi wa viazi vitamu unayemjua, lakini yeye chakula chake ni gugu maji. Mkubwa hukwangua jani na kuacha madoa ya mraba, hasa usiku. Jike hutaga mayai ndani ya mmea, na funza wanaototolewa hutoboa vikonyo kwa ndani wakishuka kuelekea kwenye kitovu. Vile vibofu vya hewa vinajaa maji na kuoza, mmea unadumaa, unatoa miche michache, mwishowe unazama.

Uganda waliwaachia Ziwa Kyoga mwaka 1993 na Ziwa Victoria mwaka 1995. Kenya na Tanzania zikafuata, na kufikia mwaka 1997 nchi zote tatu zilikuwa zinawazalisha na kuwaachia. Hapa kwetu fukusi walifugwa kwenye matangi na madimbwi, na wananchi wa mialo walishiriki kuwapeleka ziwani. Nakumbuka wazee pale kwetu wakiuliza kwa hofu: hawa wadudu wakimaliza gugu, si watahamia kwenye mihogo yetu? Lilikuwa swali zuri. Hawakuhamia.

Baada ya mwaka 1998 gugu likapungua sana. Fukusi walifanya kazi kubwa, na mawimbi pamoja na hali ya hewa ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 vilisaidia kulivunja. Lakini halikwisha. Mbegu zilizo kwenye tope bado zipo, na mbolea bado inaingia ziwani. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006 lilifumka tena Ghuba ya Winam, na mpaka leo linaenda na kurudi. Fukusi hupunguza, hawamalizi. Kazi yao huchukua miaka, siyo wiki.

Gugu la pili, kisa kile kile

Kuna mmea mwingine ambao lazima tuutaje, unaitwa salvinia. Nao asili yake ni Brazili, nao ulisafirishwa kwa ajili ya matangi na madimbwi ya samaki wa mapambo. Bwawa la Kariba kwenye mto Zambezi lilipokuwa likijaa mwaka 1959, salvinia ilionekana humo, na kufikia mwaka 1962 ilikuwa imefunika kama kilometa za mraba 1,000, karibu sehemu moja ya tano ya bwawa zima. Ilikuja kupungua baadaye mbolea ya maji mapya ilipokwisha. Salvinia hiyo haitoi mbegu zinazoota. Huzaliana kwa kukatika vipande tu, na kipande kidogo kilichonasa kwenye wavu au kwenye ndoo kinatosha kuanzisha bwawa jipya.

Wasomaji wangu wa Mwanza hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mliona wenyewe vivuko vya Kigongo na Busisi vikihangaika kupita kwa sababu ya gugu hilo jipya, abiria na malori ya mizigo vikisubiri.

Majibu kwa waulizaji watatu

Sasa nirudi kwenu ndugu zangu. Historia hii ina kitu kimoja kinachojirudia. Mwenye kidimbwi cha Palatka, wataalamu wa Bogor, wenye bustani wa Rwanda, mama wa nyumba ya wageni na mimi, hakuna aliyetaka kuharibu mto. Kila mmoja alikuwa na mmea uliomfaa ndani ya kidimbwi chake. Hasara ilianza siku mmea ulipozidi, na mtu akaona ziada ni taka ya kutupa kwenye maji.

Kwa mfugaji wa sato: bwawa lako halihitaji gugu maji wala salvinia. Likifunikwa juu, hewa haiingii vizuri kwenye maji, na utaona samaki wanahema juu ya maji alfajiri. Maji kuwa kijani kiasi ni chakula kwa sato. Yakizidi, punguza chakula na mbolea kwanza, ubadilishe sehemu ya maji.

Kama unataka azola kwa ajili ya kulisha kuku na samaki, ilime kwenye shimo la turubai pembeni, siyo kwenye bwawa lenye mtaro wa kutokea. Na hakikisha unachonunua ni azola kweli. Azola ina vijani vidogo sana vilivyopandana kama magamba, na juani hugeuka wekundu. Salvinia ina majani makubwa zaidi, yamekaa mawili mawili, yana vinyweleo vigumu juu vinavyofukuza maji, na yakibanana hujikunja kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Ukiwa na shaka, usiweke. Piga picha, mwonyeshe afisa ugani wako.

Kwa mwenye kidimbwi mbele ya duka: tumia yungiyungi. Ni mmea wa huku kwetu, mizizi yake inakaa kwenye udongo, na ni majani tu yanayoelea. Upande kwenye ndoo pana yenye udongo, uizamishe ndani ya kidimbwi. Hauwezi kutembea. Kivuli cha nusu ya maji kinatosha. Unaweza pia kuweka kichanja chenye wavu wa kivuli upande wa jua la mchana. Na tundu la kutolea maji liwe na chujio, maji yake yamwagwe kwenye migomba au bustani ya mboga, yasielekee mtaroni.

Kwa mfanyabiashara: usichukue mmea wowote mwaloni ukauuza bara. Hata mche mmoja. Unaweza kuuza kwa shilingi mia tano kitu kitakachokigharimu kijiji kizima. Kuingiza mimea kutoka nje ya nchi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na wao ndio wa kuwauliza kabla hujatoa pesa. Kama unataka biashara, zalisha miche ya yungiyungi kwenye ndoo, soko lipo.

Na kwa yeyote ambaye tayari ana gugu maji nyumbani: usiogope na usilifiche. Liopoe lote, ulitandaze juani mahali pakavu palipo mbali na maji hadi likauke kabisa. Yenye maua ichome, kwa sababu ya mbegu. Mengine changanya na samadi utengeneze mboji. Osha nyavu, ndoo na buti zako kabla hujaenda kwenye bwawa la mwingine. Kisha rudi kukagua kila wiki, kwa sababu vichipukizi vitatokea tena.

Lile lambo

Mtauliza lambo liliishaje. Niliitisha mkutano kupitia mwenyekiti wa kijiji na nikasimama mbele ya watu nikasema ushauri ulikuwa wangu. Sikutaka mama wa watu abebe lawama peke yake. Tuliingia majini Jumamosi sita mfululizo, wanaume kwa wanawake, na vijana wakavuta gugu kwa kamba hadi ukingoni. Mama wa nyumba ya wageni alipika uji siku zote sita. Tuliwekeana zamu, kila kaya inakagua lambo kwa wiki yake na kung'oa chipukizi.

Zamu hizo zipo hadi leo. Mwezi uliopita nilipita pale, maji yanaonekana, ng'ombe wanakunywa. Lakini kwenye kona ya mashariki, penye tope, mzee wa zamu ya wiki hiyo alinionyesha vichipukizi viwili vya kijani alivyokuwa amevitoa asubuhi. Alikuwa ameviweka juu ya jiwe vikauke.

Tukutane katika makala ijayo.